Hali ya hewa imefika mpaka ku sufuria: tufanye nini na pesa ya kobalti?

Wengi wetu tukisikia neno "mabadiliko ya hali ya hewa" tunawaza mikutano ya wakubwa huko ng'ambo: ndege, kravati, hotuba. Lakini tukumbuke mwaka 2024. Mvua ilikosa Zambia, na tarehe 29 mwezi wa pili Rais Hakainde Hichilema akatangaza kwamba ukame ule ni msiba wa taifa. Mahindi yalikauka shambani. Maji ya ziwa Kariba yalishuka sana, mashine za umeme zikakosa kazi. Na sisi huku Haut-Katanga na Lualaba, sehemu kubwa ya unga wetu inapita Kasumbalesa, na migodi yetu inanunua sehemu ya umeme wake upande ule ule. Basi ukame mmoja, tena wa nchi ya jirani, uligonga milango miwili mara moja: mlango wa bukari na mlango wa kazi.

Njo maana swali la leo si kama hali ya hewa inatuhusu. Swali ni hili: mtu wa Kolwezi, Likasi, Fungurume ao Kipushi, awe anapata mshahara ku kampuni ao anauza mifuko yake ku depo, anaweza kudai nini kwa Leta, kwa jimbo na kwa kampuni, kitu chenye kitaonekana nyumbani kwake kabla watoto hawajazeeka? Jibu letu ni fupi: pesa iko tayari mu sheria, kazi za kufanya zinajulikana, lakini wakati hautatungojea. Tuanze na huo wakati.

Mlango uliofunguliwa na wengine

Kila mtu huku anajua kwamba Congo inatoa kobalti nyingi kuliko nchi yote duniani: mwaka 2024, zaidi ya kilo 70 ku kila kilo 100 za dunia nzima zilitoka mu udongo wetu. Lakini bei ya ile kobalti haikupanda kwa sababu sisi tulichimba vizuri. Ilipanda kwa sababu nchi zingine zilipitisha sheria za kulinda hewa yao: kupunguza magari ya mafuta, kumsaidia pesa mtu anayenunua gari ya umeme. Mwezi wa tano 2022, tani moja ya kobalti ilipita dola 80.000. Kiisha migodi yetu ikatoa mingi kuliko soko lilivyotaka, na mwanzo wa 2025 tani ile ile ilikuwa karibu dola 21.000 tu.

Serikali ikakata shauri. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 ilisimamisha kutoa kobalti inje ya nchi. Toka tarehe 16 mwezi wa kumi ikafungua tena, lakini kwa kipimo: tani 18.125 kwa kumalizia mwaka ule, na tani 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa 2027. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Kwa hesabu ya Leta, ule uamuzi ulizaa matunda. Kwa mchimbaji wa mkono, yule tunaita creuseur, mwenye kula leo kile aliuza leo, soko kusimama ni njaa. Mambo yote mawili ni kweli, na mwenye kutunga sera anapaswa kuyaona yote mawili.

Lakini kuko jambo lingine ambalo kipimo cha serikali hakiwezi kulizuia. Wale waliotufungulia mlango wanaweza kuurudisha. Tesla ilitangaza mwaka 2021 kwamba magari yake ya bei ya chini yatatumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. BYD ya China inatumia betri za namna hiyo hiyo. Mwaka 2024 betri hizo zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Huko Marekani, msaada wa dola 7.500 kwa mtu anayenunua gari mpya ya umeme ulikatwa tarehe 30 mwezi wa tisa 2025. Hakuna mtu aliyekuja kutuuliza ku Kolwezi kama tunakubali.

Hatusemi kobalti itakufa kesho. Bado iko ndani ya simu, ndani ya injini za ndege, ndani ya betri nyingi. Na shaba, ambayo sasa Congo iko kati ya nchi mbili za kwanza duniani kwa kuitoa, itatafutwa muda mrefu, kwa sababu nyaya nyingi za umeme zinatengenezwa na yeye. Tunasema tu hivi: faida ya leo imeletwa na sera za wengine, na sera za wengine zinaweza kuipunguza. Mtu mwenye akili akipata kazi ya muda hajengi maisha kama vile kazi ile ni ya milele. Anajenga nyumba wakati mshahara ungali unaingia. Hata jimbo linapaswa kufanya vile.

Pesa iko wapi

Sheria ya madini ya 2002, ile iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, iko na vifungu ambavyo kila familia ya mchimbaji ingepaswa kuvijua kama inavyojua bei ya unga. Kobalti iliwekwa kati ya madini ya pekee mwisho wa 2018, kwa hiyo kampuni inalipa redevance ya 10 kwa 100. Ile redevance inagawanywa hivi: 50 kwa 100 kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta ao shefri ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, ule wanaita FOMIN. Pembeni ya hiyo, kampuni inapaswa kuweka 0,3 kwa 100 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Tena kuko cahier des charges, mapatano kati ya kampuni na wenyeji juu ya shule, maji, barabara na mengine.

Tufanye hesabu kwa mfano. Kampuni ikiuza kobalti ya dola milioni 100 kwa mwaka, redevance yake ni milioni 10. Kinshasa inapata milioni 5, jimbo milioni 2 na nusu, komine ao shefri milioni 1 na nusu, mfuko wa vizazi vijavyo milioni 1. Ile 0,3 kwa 100 inaleta dola 300.000 zingine. Hiyo ni kampuni moja, tena si ya kwanza kwa ukubwa.

Basi mtu akikuambia kwamba kupambana na mabadiliko ya hali ya hewa kunangojea wafadhili wa Ulaya, mwulize kwanza: ile milioni 1 na nusu ya komine ilifanya nini mwaka jana? Hatusemi imeibiwa. Tunasema kama hesabu yake haibandikwe ku ukuta wa komine, hakuna anayeweza kusema imefanya nini, hata mkubwa wa komine mwenye moyo safi. Kubandika karatasi hakuhitaji mfadhili.

Sera ya kwanza: makala

Ukitaka kujua sera ya hali ya hewa huku kwetu, usiangalie juu mbinguni. Angalia mbabula. Nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinapika na makala, na makala inatoka mu miombo, ule msitu wetu. Kwa njia ya zamani, kilo 10 za mti zinatoa chini ya kilo 2 za makala. Zingine zinakwenda na moshi. Msitu ukiisha karibu na mji, malori yanakwenda mbali zaidi, na umbali ule unaingia ndani ya bei ya mfuko. Pamoja na msitu kunakwenda uyoga na viwavi ambavyo bamama wanauza msimu wa mvua, tena kunakwenda kivuli na udongo wenye kushika maji.

Kuko namna mbili za kujibu. Ya kwanza ni kukataza: kuweka askari barabarani, kunyanganya mifuko. Inapendeza wakubwa kwa sababu inaonekana haraka. Lakini mtu hawezi kuacha kupika. Ukikataza bila kuleta kitu kingine, makala haikomi. Inapita usiku, inalipa askari, na mama ananunua mfuko ule ule kwa bei ya juu. Msitu haupati kitu.

Namna ya pili ni kufanya kazi kwa pande zote: mbabula, msitu na shamba. Ku mbabula, jirani zetu wa Kenya walishaonyesha njia toka miaka ya 1980. Walitengeneza jiko lenye chuma inje na udongo wa kuchomwa ndani, ambalo fundi wa kawaida wa mtaani anaweza kulifanya na kuliuza. Linashika moto muda mrefu, na linaweza kupunguza makala kwa theluthi moja ao zaidi. Familia yenye kumaliza mifuko 3 kwa mwezi inamaliza 2. Lilifaulu kwa sababu mafundi walipata faida na bamama waliona tofauti ku pochi. Mafundi wa namna ile wako wengi Katuba na Kenya, komine zetu za Lubumbashi. Kinachokosa ni udongo mzuri, mafunzo ya wiki chache na mkopo mdogo wa kuanza. Hiyo ni kazi ambayo ile 0,3 kwa 100 inaweza kubeba bila kutoka jasho.

Upande wa msitu, tuko na bahati ambayo wengi hawaijui: miti mingi ya miombo inachipuka tena toka kisiki. Ukikata na kuacha kisiki kizima, kiisha ukikinga pale na moto wa mwisho wa kiangazi, msitu unarudi wenyewe. Karibu na Ndola, huko Copperbelt ya Zambia, wataalamu walifuata viwanja vya miombo toka miaka ya 1930: pale moto wa mwisho wa kiangazi ulipita kila mwaka, miti ilikwisha na nyasi zikabaki, pale moto ulizuiwa, msitu ulikomaa, pale walichoma mapema, wakati nyasi zingali na maji, msitu uliishi. Maana yake, shefri inaweza kugawa msitu wake mafungu, fungu moja likatwe, mengine yapumzike, na vijana walipwe kuchoma mapema na kulinda. Ni rahisi kuliko kununua miche milioni moja na kupiga picha siku ya kuipanda.

Upande wa shamba, mfano uko hapa hapa Congo. Ku Mampu, ju ya uwanda wa Bateke, mashariki ya Kinshasa, walipanda akasia ku hekta karibu 8.000, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Ardhi iligawanywa kwa familia za wakulima zaidi ya 300, kila moja hekta 25. Familia inakata sehemu moja, inafanya makala, inapanda muhindi na muhogo mule mule, inaacha akasia iote tena, na kati inavuna asali. Yule mkulima analinda miti kwa sababu ni mali yake. Njo siri yake yote. Kwa mchimbaji wa mkono ambaye anajua kwamba shimo lake lina mwisho, hekta chache za namna ile karibu na Kambove ao Lubudi zingekuwa pensheni.

Sera ya pili: kutengeneza kile kiko

Toka tukiwa watoto tunasikia habari ya Grand Inga, megawati 40.000, mwanga kwa Afrika nzima. Inga I ilianza kazi mwaka 1972, Inga II mwaka 1982. Inga III bado iko mu makaratasi. Hatucheki ile ndoto. Lakini mtoto anayesoma na mshumaa leo hatangojea.

Angalieni Mwadingusha, kituo cha zamani ku mto Lufira, kilichoanza kazi mwaka 1930. Mashine zake zilikuwa zimechoka. Kampuni moja ya madini ilitoa pesa ya kuzitengeneza, na inarudishiwa pole pole kupitia bili zake za umeme kwa SNEL. Mwaka 2021 mashine zote 6 zilikuwa zimerudi kazini, karibu megawati 78. Hakuna mto mpya uliofungwa, hakuna kijiji kilichohamishwa. Kutengeneza kilichoharibika ni sera ya hali ya hewa iliyo nzuri kuliko nyingi, ijapokuwa haina sherehe.

Lakini swali la kweli ni: ule umeme uliorudi ulikwenda wapi? Mapatano ya namna ile yalitungwa kwanza kwa haja ya migodi, na kartie zinabaki kungojea zamu. Hatukatae migodi ipate umeme. Bila umeme hakuna kazi, na generata ya mazuti ni ghali na inachafua hewa. Tunadai kitu kimoja tu: kila mapatano mapya ya kutengeneza kituo yaandike idadi ya megawati za nyumba za watu, pamoja na kabini na nyaya za kuzifikisha. Kama kituo kinarudisha megawati 78 na 8 zikaandikwa kwa kartie, kampuni haitaanguka. Lakini familia elfu nyingi zinaweza kuweka mbabula pembeni siku kadhaa kila wiki, na hapo msitu nao unapumua.

Tena mwaka 2024 ulitufundisha: mtu asitegemee maji peke yake. Mito inapungua mvua ikikosa. Jua la Katanga linawaka kwa nguvu miezi ile ile ya kiangazi ambapo mito iko chini. Sahani za jua ku hospitali, ku pampu za maji na ku masoko si kitu cha kujionyesha. Ni namna ya kutoweka mayai yote mu kitunga kimoja.

"Lakini si sisi tuliharibu hewa"

Wako watakaosema: Congo inatoa moshi kidogo kabisa ya viwanda na magari, waliochafua walipe. Ni kweli, na wajumbe wetu wana haki ya kusema vile ku mikutano, tena kwa sauti kubwa. Wakubwa wetu wanapenda kuita Congo "pays-solution", nchi ya kuleta dawa, kwa sababu ya misitu na madini yake. Basi iwe dawa kwa wenyeji wake kwanza.

Kwa maana deni la wengine halipikii mtoto bukari. Hatupunguze makala juu ya kufurahisha mtu wa Ulaya. Tunapunguza juu mfuko ni ghali, moshi unaumiza macho na kifua cha mama, na msitu ukiisha hata mvua ya shamba inapotea njia. Kama hewa ya dunia inapata faida pamoja na sisi, vizuri. Lakini sababu ya kwanza iko nyumbani.

Wengine watasema: mchimbaji hana wakati wa miti, anatafuta kula ya leo. Hiyo nayo ni kweli, njo maana sera inayomwomba kafara bila kumpa kitu itaanguka. Serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019 kwa kununua na kupanga kobalti ya wachimbaji wa mkono. Kama kipimo cha mauzo kinabaki, basi fungu la wachimbaji wa mkono lionekane wazi, lilipwe kwa wakati, na kazi za msitu, za mbabula na za nyaya zifunguliwe kwanza kwa wale ambao kipimo kimewapunguzia kazi. Hapo ndipo sera ya madini na sera ya hali ya hewa zinakuwa kitu kimoja, si makaratasi mawili mu ofisi mbili.

Maswali matatu ya kubeba

Mikutano ya cahier des charges inafanyika, uchaguzi unakuja na kupita, wageni wanafika na fulana za kijani. Kila mara mtu akitoa ahadi juu ya hali ya hewa, baba na mama, kijana wa kartie, sendika ao shirika la wachimbaji, mwulizeni maswali matatu tu.

La kwanza: pesa inatoka mu fungu gani? Kama ni redevance, aseme ni ya jimbo ao ya komine. Kama ni ile 0,3 kwa 100, aseme ya kampuni gani na ya mwaka gani. Ahadi isiyo na fungu ni upepo.

La pili: nani anafanya kazi, na nani anabaki nayo kiisha mfadhili kwenda? Pampu bila fundi, miti bila mwenyewe, kabini bila mtu wa kuitengeneza, zote tumeziona zikifa.

La tatu: baada ya mwaka mmoja tutaona nini kwa macho yetu? Mifuko mingapi ya makala imepungua ku nyumba, masaa mangapi ya umeme yameongezeka ku kartie, hekta ngapi za msitu hazikuungua. Hesabu ambayo mama anaweza kuihakikisha mwenyewe ni bora kuliko ripoti ya kurasa 200.

Kipimo cha tani 96.600 kimewekwa kwa 2026 na 2027. Kwa miaka hii miwili, kama bei inasimama, pesa itaingia. Baada ya hapo hakuna anayeweza kuapa. Mkutano wa kwanza wa komine yako ambao unazungumzia pesa ya madini, usiuache kwa wakubwa peke yao. Nenda, kaa mbele, na uombe karatasi ya hesabu.